Ufa wa Nyuma ya Ngazi

Shati halikuwa na mkunjo hata mmoja, lakini Sikio aliendelea kulipiga pasi. Alipita kwenye kola, akashuka kifuani, akarudi tena kwenye kola. Nyuma yake mumewe alikuwa amesimama kwa fulana, akijifunza kuomba radhi.

“Mzee, nimekuja kwa unyenyekevu,” alisema Fundi, akiukazia macho ukuta kama vile ndio msimamizi wa kiwandani mwenyewe. “Nakiri weldi yangu ilikuwa na kasoro. Au niseme hitilafu? Lipi linasikika vizuri?”

“Sema hitilafu.”

“Nakiri weldi yangu ilikuwa na hitilafu.” Akajikuna shingo. “Lakini mke wangu, ile weldi niliikagua mimi mwenyewe. Niliitazama kama ninavyomtazama mwanangu akiwa na homa. Sasa nakiri kitu gani?”

“Kiri tu yaishe,” Sikio alisema.

Maneno yalimtoka haraka, na hapohapo akaona aibu, aibu ya kumchoma masikio. Alijua tangu jana yake, Jumanne, kwamba weldi ya mumewe, pale alipochomea tangi la kiwandani, haikuwa na hitilafu yoyote. Aliyekosea alikuwa yeye, na bado alikuwa ameshika pasi, anamnyooshea mtu shati la kwendea kujidhalilisha. Alimpa shati likiwa bado na joto. Fundi akalivaa, akamshukuru, akatoka.

Kule kiwandani, kiwanda cha sabuni, walikuwa karibu wamelisahau jina lake. Walimwita Sikio kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza vyuma. Si kwa masikio haya yetu ya kutegea umbea. Chuma chenye ufa kikibanwa na presha, ule ufa hujivuta kidogo, na kila ukijivuta hutoa mlio mfupi ambao binadamu hawezi kuusikia. Sikio alibandika vipokezi kuzunguka tangi, vidubwana vya ukubwa wa kifuniko cha soda. Mlio ukitokea, kipokezi cha karibu huupata kwanza, cha mbali huupata baadaye, na kwa tofauti ya nyakati hizo kompyuta huonyesha ufa uko wapi. Kwa hiyo kazi yote ni kujua kila mlio ulianza lini hasa. Ukiukosa mwanzo wake, hata kwa kitambo kisichotosha kupepesa jicho, umekosa na mahali.

Siku aliyopima tangi kubwa la maji moto, pampu za chumba cha pili zilikuwa zinanguruma na kompyuta ilijaa kelele tupu. Akapandisha kizingiti, yaani akaiamuru kompyuta isihesabu sauti yoyote mpaka iwe kubwa kiasi fulani. Kelele zikatoweka. Kisha akafanya wanavyofanya wapimaji wote kabla ya kuanza: akavunja ncha ya penseli juu ya chuma, tap, kuigiza ufa unaolia. Kompyuta ikaonyesha palepale alipoivunjia. Akavunja nyingine upande wa pili, ikaonyesha tena. Wanaume waliokuwa wamemzunguka wakapiga makofi. “Huyu mama ana majini!” alisema msimamizi, na Sikio, tuseme ukweli, kichwa kikamvimba.

Penseli ndiyo iliyomponza. Penseli ikivunjika hulia kwa mkupuo mmoja, kama mlango uliobamizwa, na kizingiti hata kiwe juu namna gani kitaudaka mlio huo mwanzoni kabisa. Ufa wa kweli huanza kwa kunong’ona. Kompyuta ilingoja mnong’ono ukue ndipo iuhesabu. Kipokezi cha karibu kikachelewa kidogo, na kile cha mbali, ambako mlio ulifika umeshachoka, kikachelewa zaidi. Mahali pa ufa pakasogea.

Ipo njia nyingine, ya polepole. Programu hupitia mlio mmoja mmoja na kurudi nyuma hadi pale kimya kinapoishia na mlio unapoanzia, na mpimaji anahakikisha kwa macho yake. Sikio aliijua vizuri sana. Lakini meneja alikuwa amesimama pembeni anatazama saa yake, na yeye alikuwa amefanywa mkuu wa kitengo juzijuzi tu. Hakutaka aonekane anababaika. Akachora alama ya chaki papo hapo, mbele za watu, kwa madaha.

Tangi lile limevishwa koti: sufi nene ya kuzuia joto, na juu yake mabati. Walikata dirisha kwenye koti pale penye chaki. Walipokwangua wakaona mstari mwembamba wa kutu, kila mtu akasema ndio huo ufa. Fundi akaitwa, kwa kuwa ndiye mchomeaji aliyekuwa zamu. Wenzake wakamtania, “Kumbe hata kazini mkeo ndiye anakuonyesha pa kugusa!” Akacheka nao, akachoma, akalainisha. Walipojaza maji na kupandisha presha, maji yakatiririka kutoka kwenye lile dirisha. Hakuna aliyewaza kwamba maji yanaweza kusafiri ndani ya sufi na kutokea kwenye tundu la kwanza yanalolikuta. Wakasema weldi imevuja. Fundi akaambiwa avue aproni na asubiri nyumbani.

Na hapa ndipo penye uchungu. Sikio alifungua kompyuta ile Jumanne ili amtetee mumewe. Alitaka kuonyesha kwamba baada ya kuchomwa, pale mahali palikuwa kimya. Akaipitia milio yote kwa ile njia ya polepole, akapata kwamba pale kwenye chaki palikuwa kimya tangu mwanzo. Milio yote ilikuwa imetoka hatua moja ya mtu mzima kando, nyuma ya mguu wa ngazi ya chuma iliyoungwa kwenye tangi, chini ya bati ambalo halijafunguliwa. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Kisha akafunga kompyuta na kwenda kunawa uso.

*

Fundi alirudi kabla ya mchana. Mama yake alikuwa barazani anachambua mchele, mjukuu wake kando yake.

“Wamekurudisha?” mama aliuliza.

“Wanafikiria.”

“Wanafikiria nini tena? Si umeomba radhi?”

Fundi alikaa kwenye kizingiti cha mlango akavua viatu. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza foleni ya dukani. Msimamizi alimsikiliza palepale getini, vibarua wakiwa wanaingia. Alipofika kwenye neno hitilafu, msimamizi akamwambia apandishe sauti ili wenzake nao wajifunze. Akapandisha sauti. Kibarua mmoja, kijana ambaye Fundi mwenyewe alikuwa akimfundisha kushika tochi ya kuchomea, akainamisha kichwa na kupita haraka.

“Nimemaliza, akaniambia nitapigiwa simu,” alisema Fundi.

Sikio alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Alikuwa amerudi mapema kutoka kazini kwa kisingizio cha kichwa kuuma. Kila neno lilimfikia. Akajisemea, nitatoka sasa hivi niseme. Akaweka mkono kwenye pazia.

“Na wewe mshukuru Mungu,” mama alimwambia mwanawe, “una mke mwenye kazi ya akili. Nyumba nyingine hapa leo wangekuwa wanaangaliana macho.” Kisha akapaza sauti kuelekea ndani: “Mwanangu! Usije ukamchoka mwenzio kwa haya yaliyompata. Hata mzuri wa kazi hupatwa!”

“Siwezi kumchoka, mama,” Sikio aliitikia, na mkono wake ukaliachia pazia.

*

Alhamisi Fundi alitoa mashine yake ndogo uani na kuanza kutafuta vibarua vya mtaani. Mshona nguo wa jirani alikuwa ameshaleta vyuma vya dirisha wiki iliyopita. Alipomwona Fundi amevaa miwani ya kuchomea, akaja akasimama, akawa anazungusha maneno.

“Jirani, ile kazi yangu... naona mume wangu amepata mtu mwingine. Si kwa ubaya.”

“Kwa ajili ya lile tangi?”

“Hapana! Nani kasema tangi?”

“Dirisha halijazwi maji, jirani,” Fundi alisema akitabasamu. “Hata nikikosea, halitavuja.”

Mshona nguo alicheka sana, kicheko cha mtu anayetaka kuondoka, akabeba vyuma vyake kimojakimoja mpaka vikaisha. Fundi alimsaidia kubeba vile virefu. Sikio alikuwa anaanika nguo. Alianika shuka moja akaligeuza upande wa pili, akaligeuza tena, ili asilazimike kutazama upande ule. Alikuwa mwanamke wa kusema kweli, hivyo ndivyo alivyojijua maisha yake yote. Akashangaa jinsi uongo usivyohitaji hata neno moja. Unaanika nguo tu, siku inapita.

Binti yao akamkimbilia baba yake. “Baba, mbona amechukua? Hukuweza?”

“Amebadilisha mawazo,” Fundi alisema. “Nipe ile brashi.”

*

Ijumaa kiwandani kulikuwa na shamrashamra. Mchomeaji mwingine alikuwa ameletwa kutoka nje, akachoma upya palepale kwenye dirisha la chaki, juu ya weldi ya Fundi, kwa mbwembwe na tochi mbili. Msimamizi akatangaza kwamba Jumatatu asubuhi tangi linapandishwa presha, na safari hii hakuna kupima kwa maji baridi, linawashwa moja kwa moja kwa sababu oda zimekwama.

Moja kwa moja, maana yake maji ya moto na mvuke, na mitungi ya kujazia sabuni iko chini ya ile ngazi. Sikio aliwajua wanawake wanaosimama pale kwa majina yao. Alikwenda hadi mlango wa meneja. Kupitia kwenye kioo alimwona anakula chungwa, anatema mbegu kwenye karatasi, mtu mwenye amani zake. Akainua mkono abishe hodi. Akawaza vile watakavyomtazama, hasa wale waliompigia makofi. Mkono ukateremka, na miguu ikampeleka nyumbani.

Fundi alikuwa uani peke yake, anakwangua kutu kwenye jiko bovu la mtu.

“Nataka kukwambia jambo,” Sikio alisema bado akiwa na mkoba begani.

“Sema.”

“Weldi yako ni nzima. Ufa haukuwa pale. Uko nyuma ya mguu wa ngazi. Chaki yangu ndiyo iliyokosea.”

Fundi aliweka brashi chini. Kwanza alimtazama kama hajaelewa, halafu uso wote ukamfunguka, akacheka kwa sauti ambayo haikuwa imesikika nyumbani humo wiki nzima.

“Unaona! Unaona mimi si mwehu! Nilisema niliikagua!” Akasimama, akamshika mabega. “Na wewe usinune hivyo, kila mtu hukosea. Umekosea chaki, basi! Kesho twende wote tukawaambie. Eh, mke wangu, umenipumzisha. Umeligundua leo?”

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, fupi, tayari kabisa.

“Jumanne,” Sikio alisema.

Mikono ya Fundi ilibaki mabegani mwake kwa muda, kisha ikaondoka.

“Jumanne hii?”

“Ndiyo.”

“Mimi nilikwenda kwa msimamizi Jumatano.”

“Najua.”

“Ulinipigia pasi shati.”

Sikio aliushusha mkoba begani.

“Nilikuuliza niseme kasoro au niseme hitilafu,” Fundi alisema polepole, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. “Ukanichagulia neno.”

“Niliogopa. Wamenipa cheo juzi tu. Nilisema nitasubiri kidogo, labda watakurudisha bila...”

“Bila wewe kuonekana.”

“Ndiyo.”

Alitamani apigiwe kelele. Kelele angezijua pa kuziweka. Fundi aliokota brashi, akakwangua jiko kidogo, akaacha.

“Jumatatu wanawasha?” aliuliza.

“Wanawasha. Moja kwa moja.”

“Basi hili letu litangoja. Kesho asubuhi twende.”

*

Meneja aliwakaribisha viti. Sikio alikaa, Fundi akabaki amesimama karibu na mlango. Msimamizi alikuwa ameegemea kabati la mafaili na kikombe chake cha chai. Sikio alieleza yote: kelele za pampu, kizingiti, penseli, ile njia ya polepole aliyoiruka. Aliwageuzia kompyuta wajionee, mlio wa penseli uliosimama wima kama ukuta, na mlio wa ufa uliopanda taratibu kama kilima. Alipomaliza, meneja na msimamizi walitazamana, wakatabasamu.

“Mama,” meneja alisema kwa upole, “nakuheshimu sana. Wake kama wewe wamebaki wachache.”

“Sijaelewa.”

“Mume amepata matatizo, unajitwisha mzigo wake. Ni jambo zuri la kifamilia. Lakini hizi picha umekuwa nazo nyumbani siku ngapi? Mtu anaweza kuzipika vyovyote.”

Wiki nzima Sikio alikuwa anaogopa wasije wakamjua kuwa ni mkosaji; sasa amekuja kwa miguu yake kusema ni mkosaji, na wanampa sifa. Angesema Jumanne hiyohiyo, akiwa mkuu wa kitengo na si mke wa mtu, wangeinuka wakakimbilia tangini. Ukimya wake ndio ulioyapunguzia maneno yake uzito.

Msimamizi akamgeukia Fundi. “Na wewe bwana, kumtuma mkeo kweli? Mwanamume mzima!”

“Sikumtuma,” Fundi alisema. “Ningejua cha kumtuma, angekuja Jumanne.”

Jinsi alivyolisema, bila kumtazama mkewe, hakuna mtu ambaye angeweza kuliigiza. Msimamizi akaweka kikombe chini.

“Fungueni bati moja tu,” Sikio alisema. “Nyuma ya mguu wa ngazi. Msipokuta kitu, tufukuzeni mimi na yeye leo hii.”

Bati lilifunguliwa kwa shingo upande. Sufi iliyokuwa chini yake ilitoka imelowa, inanuka. Walikausha chuma, wakapulizia ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, wakaifuta, wakapaka na unga mweupe, wakangoja. Vibarua walisogea. Sikio alisimama mbele yao kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na akajikuta anaomba ufa uwepo, anaomba kwa moyo wote aonekane amekosea. Mstari mwekundu ukaanza kujichora juu ya ule weupe, mrefu kama kiganja, umejikunja kidogo kuufuata mguu wa ngazi.

“Kumbe,” mtu alisema nyuma.

“Kumbe Sikio lilikuwa na nta!” alisema msimamizi, na watu wote wakaangua kicheko, hata yule mchomeaji wa tochi mbili. Sikio naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Fundi hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ule ufa, anaupima kwa kidole gumba.

Meneja alisema maneno mafupi. Kuwasha kumeahirishwa. Fundi arudi kazini Jumatatu, na huo ufa auzibe yeye. Ukuu wa kitengo utaangaliwa upya, na mama asishangae akiletewa barua. Hakuna aliyemwomba Fundi radhi. Msimamizi alimpiga begani tu, akasema, “Basi bwana, yamepita,” na hakuna aliyemwambia apandishe sauti.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, Fundi mbele kidogo. Njiani Sikio alisema, “Nisamehe,” na Fundi akajibu, “Nimesikia.”

Chakula kilikuwa tayari. Mama alikuwa ameketi mkekani na sufuria mbele yake, mjukuu ameshanawa. Alimsoma mwanawe usoni kabla hajakaa.

“Wamekurudisha!”

“Wamenirudisha, mama. Jumatatu.”

Mama akapiga vigelegele, mjukuu akarukaruka akiitikia bila kujua ni vya nini. “Na ule ubaya waliokusema? Wameona weldi yako haina kosa?”

“Wameona.”

“Sasa kosa lilikuwa la nani?”

Fundi alinawa mikono taratibu. Alimwaga maji, akajikung’uta vidole. “La mashine,” alisema. “Ile mashine ya kupimia ilikosea.”

“Si nilisema! Vitu hivi vya kubonyezabonyeza! Mwanangu karibu wamtie wazimu kwa ajili ya mashine.” Akamgeukia Sikio, macho yamejaa machozi ya furaha. “Na wewe pole, mwanangu. Najua ulivyoumia wiki hii. Nilikuwa nakuona, hata kula ulikuwa huli.”

Fundi alikuwa anatazama sahani yake. Alikuwa amemfungulia mkewe mlango, na asingemdai chochote, wala leo wala kesho. Sikio alijua kwamba akipita hapo atakuwa anapita kila siku, na kila siku atapewa pole.

“Mashine haikukosea, mama,” alisema. “Nilikosea mimi. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kuchoma. Na nilijua tangu Jumanne kwamba si kosa lake, nikanyamaza.”

“Jumanne?” Mama alimtazama mwanawe, akamtazama tena yeye. “Kabla hajaenda kule getini?”

“Kabla.”

Mjukuu aliuliza, “Mama alifanya nini?”

Mama alishika mwiko. Alimpakulia mwanawe, akamwongezea. Akampakulia mjukuu, akampoza chakula kwa kupuliza. Akajipakulia mwenyewe, kidogo. Sahani ya nne ilikuwa mkekani, tupu. Akauweka mwiko ndani ya sufuria na kuisukuma upande wa Sikio.

“Jipakulie,” alisema.